Mstari wa Baba

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, na kwamba kaka, wifi na watoto hawajambo. Mimi mzima, ila vidole vya mkono wa kulia ni vyekundu vyote. Usishtuke, si damu, ni rangi. Nitakueleza.

Habari yenyewe ni hii. Njia ya nyuma ya pazia la maporomoko imefunguliwa tena. Unajua tangu ngazi zibomoke, mwaka ule ule masikio yako yalipokuacha na kaka akaja kukuchukua, wageni walikuwa wanaishia kwenye jukwaa la mbele. Wanapiga picha, wanalowa, wanakwenda zao. Sasa vyuma vipya vimewekwa, na Meneja alituita wote barazani akasema anataka mwongozaji mkuu anayeijua njia vilivyo. Akanitazama mimi. Cheka Kidogo akapiga makofi peke yake mpaka nikaona haya. Bado yupo na kamera yake ya miguu mitatu, na bado anawaambia wageni wacheke kidogo tu, wasimmalizie meno yote. Anakusalimu. Anasema chupa yake ya chai imekuwa mjane tangu uondoke.

Wageni ninawaanzia mbali, kama ulivyokuwa ukifanya. Nawaambia habari za wafinyanzi, wale wanawake waliokuja kuchimba udongo na wakagundua kwamba maji hayagusi mwamba, yanaanguka mbele yake, na nyuma kuna nafasi ya watu kupita, kama kati ya pazia na dirisha. Nawaambia habari za mpima barabara aliyetumwa kupima daraja, akakaa wiki tatu anatazama maji, akarudi bila daraja. Halafu nyumba ya wageni ya vyumba sita, halafu hoteli zote hizi. Namaliza na Fundi Ngazi, mwalimu wako, aliyechonga ngazi mia moja na kumi na nne kwa patasi na kupaka mstari mwekundu kwenye Jiwe la Ng'ombe. Maji yakilowesha mstari, una robo saa ya kutoa watu wote. Hapo huwa wanashusha kamera. Ila jana mmoja aliniuliza tunayafunga saa ngapi maji haya.

Sasa rangi. Mstari ulikuwa umepauka. Nikachukua kopo karakana, nikakwangua ukoga, nikaupaka upya juu ya ule ule, sikupotoka hata unywele. Watu wamezoea kuuita mstari wa Baba, kwa kuwa baada ya Fundi Ngazi aliyekuwa akiupaka ni wewe. Miaka ishirini uliwatoa watu salama kwa mstari ule, nami nitawatoa kwa huo huo. Nilijisikia vizuri sana, Baba, nikipaka pale ulipopaka wewe.

Mwanao anayekupenda,
Kitinda mimba wako


13 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako dereva wa basi aliiacha dukani Jumamosi, nikaipata Jumapili. Sisi huku hatujambo. Kaka yako amenenepa. Mkewe anasema ni raha ya ndoa, mimi nasema ni kiti cha ofisini. Masikio yangu ni yale yale. Watu wananifungulia midomo kama samaki, kisha wanachoka na kuniandikia kwenye kijitabu. Dirisha la chumba changu linatazama ukuta wa jirani, basi nautazama ukuta.

Nimefurahi kwa cheo chako. Nimesoma barua mara tatu. Ungekuwa hapa ungeniona ninavyojichekea peke yangu.

Lakini nisikilize jambo moja. Usingoje mstari ulowe. Maji yakifika shubiri mbili chini yake, toa watu. Ukiulizwa, sema ndivyo alivyofanya baba yako, na ni kweli ndivyo nilivyofanya. Usibishane na mtu, wewe toa tu watu.

Na ulipokuwa unakwangua, hukuona alama nyingine hapo chini? Niandikie.

Msalimie Cheka Kidogo. Mwambie chai yake ilikuwa na sukari ya kuua farasi.

Baba yako


25 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo lakini? Wifi ameniandikia kipande cha karatasi akisema siku hizi huli vizuri na unazunguka chumbani. Ni nini tena? Mimi sijambo, Kamba, mwangalizi wetu wa mstari, na Cheka Kidogo hawajambo.

Alama nyingine sikuiona, ni ukoga tu na mwamba. Kwani kulikuwa na nini?

Nimefanya ulivyoniambia. Siku mbili nimefunga njia maji yakiwa shubiri mbili chini. Siku ya pili ilikuwa basi zima la wageni, watu wazima waliosafiri tangu alfajiri kuja kuona upinde wa mvua wa saa tisa, na unajua ulivyo ukiwa ndani kule, unatokea magotini mwa mtu, anaweza kuuchota. Nikawageuza. Mama mmoja alilia. Meneja aliniita ofisini, akatoa karatasi ya utaratibu wa njia, akanisomea polepole: mstari ukilowa. Akaniuliza shubiri mbili zimeandikwa wapi. Nikasema ni za baba yangu. Akasema, baba yako ndiye aliyeupaka huo mstari, dada, angetaka shubiri mbili si angeupaka chini shubiri mbili? Nikatoka nje. Wewe una jibu?

Basi nimerudi kwenye mstari. Lakini kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Alhamisi nilikuwa ndani na wageni sita, na maji yakanifika kwenye vifundo vya miguu. Hayajawahi kufika pale njia ikiwa wazi. Nikamtazama Kamba, yuko juu ya jiwe lake kule kwenye mstari. Unajua filimbi haisikiki mle, tunatumia mikono, kiganja wazi ni mkavu, ngumi ni tokeni. Akanionyesha kiganja. Nikaangalia miguu yangu imezama, nikaangalia kiganja chake. Tulitoka taratibu, hakuna aliyejua kitu. Lakini Baba, niliogopa, na sijazoea kuogopa mahali pale.

Labda vyuma vipya vimebadilisha mkondo. Au ni mimi tu.

Mwanao


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nakula, usimsikilize wifi yako, anapima chakula kwa macho ya kwao. Mimi si mgonjwa. Ni wasiwasi tu.

Si wewe. Sikia ninavyokuambia, si wewe.

Nimekaa kutwa nikifikiri nikuandikie nini. Nitakuandikia kitu ambacho nilipaswa kukufundisha ukiwa na miaka kumi na miwili, badala ya kukufukuza urudi nyumbani ukasome. Fundi Ngazi alinifundisha hivi. Kaa ndani, nyuma ya maji, ufumbe macho. Siku za kawaida pazia linapiga kelele juu, masikioni, kama watu wengi wanaogombana chumba cha pili. Maji yakitaka kuja, kelele ile ya juu inapungua, mtu mgeni anafikiri maji yametulia. Chini kunaanza kuguna. Utausikia mguno kifuani, na kwenye nyayo kabla ya kifua. Ukisikia mguno huo usitazame mstari, usitazame saa, usimtazame mtu. Toka na watu wako.

Mimi niliwatoa watu kwa mguno huo. Nilikuwa nausikia hata nikiwa jikoni kwetu nikinywa uji. Mama yako alikuwa akisema nimeoa maji, yeye ni mke wa pili. Sasa wote wawili wameninyamazia, yeye kaburini, maji masikioni.

Nataka kuja. Nimemwambia kaka yako anikatie tiketi, ameandika kwenye kijitabu kwamba daktari wa masikio ni mwezi ujao na barabara ni mbaya. Nimemwandikia tena. Ameandika, Baba, tulia. Neno hilo tulia wananiandikia kila siku.

Jizoeze kusikiliza. Kila asubuhi kabla ya wageni, ingia, fumba macho. Niahidi.

Baba yako


20 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi ni mzima, na naandika neno hilo nikijua ningeweza kuwa siandiki.

Mvua zimeanza huko juu mtoni. Hapa jua linawaka, wageni wana miwani myeusi, na mto unapanda bila wingu hata moja. Jumatatu niliwaingiza watu kumi na wawili, walimu watupu. Kamba kiganja wazi. Tulikuwa katikati, pale chuma kinapokata kona, maji yakaja juu ya njia mara moja mpaka magotini. Mwalimu mmoja, mama mnene mcheshi aliyekuwa anatuchekesha njia nzima, akateleza. Nilimshika mkanda wa gauni. Mkanda tu, Baba. Vidole vyangu vinauma mpaka leo. Nikamtazama Kamba, kiganja bado wazi. Kamba si mzembe, nilikwenda mwenyewe kuangalia baada ya kuwatoa. Mstari ulikuwa mkavu, na chini yake kulikuwa na mwamba mkavu upana wa kiganja changu.

Sasa watu wananitazama. Meneja alinikalisha chini kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali. Akasema huenda nimechoka, kwamba woga ukimwingia mwongozaji hata maji ya kunawa huyaona mafuriko. Cheka Kidogo alinitetea, akasema ananijua tangu nabebwa mgongoni. Lakini hata yeye, tulipobaki wawili, aliniambia, binti wa mzee, mstari wa baba yako haujawahi kumwangusha mtu, utulie nao.

Jumamosi ya tarehe tano Aprili kuna harusi. Watu thelathini na mmoja, wanataka picha nyuma ya pazia, saa tisa, upinde ukitokea. Hoteli zote tatu zinalisubiri jambo hilo. Wameniachia niseme kama nitawaongoza au watafute mwingine, na mwingine huyo ataangalia mstari tu.

Kila asubuhi naingia na kufumba macho kama ulivyotaka. Nasikia kelele. Mguno sijausikia, labda sina masikio yako.

Nakuuliza kwa adabu zote, na sitaki kuzungushwa tena. Mstari ule ni wa kweli? Ningekupigia ofisini kwa kaka, lakini simu iko mezani kwa Meneja na wewe husikii. Nijibu kwa basi la Jumatano.

Mwanao


25 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na unisamehe nisikuulizie hali leo.

Mstari ni wa uongo. Nimeupaka mimi.

Fundi Ngazi aliuweka chini zaidi, shubiri moja na nusu. Mwaka hoteli kubwa ilipofunguliwa, mvua zilikuwa nyingi na mstari ulilowa karibu kila siku ya tatu. Wageni wakawa wanageuzwa, wapagazi wanakaa bure, wapiga picha wananinunia. Meneja wa wakati ule, ambaye alikwisha kwenda zake, akasema mbele ya wote kwamba mstari wetu ni mwoga. Nikacheka nao. Msimu wa ukame ulipofika nikaenda asubuhi moja na brashi ya waya na kopo. Nikaufuta wa Fundi Ngazi mpaka mwamba ukawa mweupe, nikapaka mwingine juu. Hakuna aliyeniona. Fundi Ngazi alikuwa amekwisha kufa.

Niliona si kitu, kwa sababu sikuuhitaji. Nilikuwa na masikio. Miaka yote ile nilitoa watu kwa mguno, maji yakiwa mbali na mstari, na walipokuwa wanafika kuangalia, maji yalikuwa yamekwisha kuufikia. Wakasema mstari wa mzee haukosei. Nikawaacha waseme. Ilikuwa tamu kusikia. Masikio yalipoanza kwenda nilijiambia nitaurudisha chini, mwaka huu, mwaka ujao. Halafu ngazi zikabomoka, njia ikafungwa, nikasema Mungu amenisitiri. Ulipoandika kwamba umeupaka upya, mkono wako wewe, juu ya uongo wangu, sikulala.

Barua mbili nilizokuandikia nilitaka kukuambia. Kila nilipofika hapo kalamu ilisimama. Naogopa maji, ndiyo, lakini nilikuogopa wewe zaidi. Nilitaka uendelee kuwa na baba yule uliyekuwa naye.

Usiwaingize watu wa harusi. Usiingie wewe. Mwonyeshe Meneja barua hii, mwonyeshe kila mtu. Kwaruza mstari ule leo.

Nampa dereva kesho asubuhi mkononi mwake.

Baba yako


4 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Naandika ingawa najua barua haitaondoka. Barabara imekatika kwenye mteremko, basi la Jumatano ile limenasa upande wa pili, na wanasema mpaka wiki ijayo. Watu wa harusi walikwisha fika kabla, wako hotelini wanafanya mazoezi ya kuimba. Nitaiweka mezani mpaka njia ifunguke.

Nimengoja jibu lako kila siku. Juzi Meneja alinijia mwenyewe bandani, akasema kaka alipiga simu.  Nikamuuliza Baba amesemaje. Akasema umenisalimu, umesema nisijichoshe na kazi, nipumzike kidogo mpaka barua yako ifike. Nikamuuliza, hakusema lolote kuhusu mstari? Akasema, wallahi dada, hakutaja mstari. Nilimtazama sana usoni. Hakuwa anadanganya.

Basi nimeelewa. Nilikuuliza swali moja tu, na ulipopata nafasi ya kulijibu kwa simu hukuona hata haja. Maana yake hakuna cha kujibu. Mstari uko sawa na woga ni wangu. Usifikiri nimekasirika, nimepumua. Siku kumi na tano nimekuwa nikiwaza ubaya juu yako, na leo nimetubu.

Kesho saa nane na nusu nitawaingiza. Maji yako shubiri mbili chini ya mstari. Cheka Kidogo amepiga pasi shati. Anasema hii ndiyo picha itakayowekwa kwenye ukuta wa hoteli hata sisi tukiwa tumekwisha kuoza.

Niombee.

Mwanao


8 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Niandikie neno hilo tu, sijambo, lingine acha.

Dereva alipiga simu dukani tarehe thelathini na moja kusema amenasa na barua yangu iko mfukoni mwake. Nikaenda kwa kaka yako ofisini kwake kwa miguu. Nikamwandikia kwenye kijitabu apige simu kwenu. Akaandika, niseme nini? Mwanangu, nilikuwa na kalamu mkononi na mwanangu wa kiume ananitazama, na wenzake wanatazama. Nikaandika, mwambie apumzike mpaka barua yangu ifike. Nilijiambia utaelewa. Niliuona mdomo wake ukisema maneno yale, machache, kisha akaweka simu.

Tangu Jumapili kaka yako anazima redio nikiingia sebuleni. Mimi ni kiziwi, ananizimia redio ya nini?

Baba yako


10 Aprili

Baba,

Mimi ni mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu umeliomba, barua yako ya tarehe nane imefika leo.

Ile ya Machi ilifika Jumatatu. Dereva aliniletea mkononi kama ulivyomwagiza, akanipa pole, akidhani ni barua ya rambirambi. Niliisomea kwenye ngazi za stoo, nimesimama.

Nitakueleza ilivyokuwa, kisha sitaieleza tena mpaka Ijumaa. Tuliingia, wageni thelathini na mmoja, mimi na Cheka Kidogo. Upinde ulitokea saa tisa kamili, bwana harusi akauingiza mkono, watu wakapiga vigelegele. Kamba kiganja wazi. Halafu nikaona nawasikia vizuri. Nilikuwa nasikia bibi harusi anavyoongea na shoga yake, na mle ndani hatusikilizani kamwe. Kelele ya juu ilikuwa imepungua. Nikaanza kufurahi, kisha nyayo zangu zikaguna.

Sikutazama mtu. Nilipiga kelele watoke, nikawasukuma, wazee nikawakokota. Walikasirika, mmoja alinipiga kofi. Cheka Kidogo alikuwa mwisho, anakunja miguu ya kamera. Nilimshika shati. Akageuka akamtazama Kamba, nami nikatazama, na Kamba yuko pale na kiganja chake wazi. Cheka Kidogo akaniambia, "Mstari wa baba yako mkavu, binti. Dakika moja." Akacheka kidogo. Nikamwachia shati kwa sababu kulikuwa na bibi mbele yangu ameshindwa ngazi.

Niliwahesabu juu. Thelathini na mmoja. Nilipogeuka njia haikuwepo, chuma hakikuwepo, maji yalikuwa yamelala kwenye mwamba. Na mstari, Baba, ulikuwa ndio kwanza unalowa.

Walimpata Jumatatu asubuhi, chini kwenye mawe ya wafinyanzi. Shati lilikuwa bado na mikunjo ya pasi. Tumemzika juzi.

Ijumaa ya tarehe kumi na nane wanakuja wachunguzi. Meneja amekwisha kuandika kwamba maji yalikuja ghafla na mstari ulikuwa mkavu, kwa hiyo hakuna mwenye kosa. Kamba halali, anarudia tu kwamba ulikuwa mkavu, na watu wanamwambia ndiyo, ulikuwa mkavu. Mjane wa Cheka Kidogo aliniambia anashukuru angalau mtu alikuwa ameshika mstari wa mzee, si kubahatisha.

Barua yako iko kwenye mfuko wa koti langu la kazi. Ni karatasi moja tu inayosema ukweli, na hakuna aliyeiona. Nimefikiria kuichoma. Nimefikiria kuipeleka. Mguno ulinifundisha wewe, mstari uliupaka wewe, sijui nikushukuru kwa watu thelathini na mmoja au nikulilie kwa mmoja. Siwezi kukupeleka kwa mkono wangu, Baba. Na siwezi kunyamaza nikimtazama Kamba.

Njoo. Usinipigie simu, usiniandikie kwamba nitaelewa. Basi la Jumatano linafika saa kumi jioni. Nitakuwa stendi. Nitatazama mlango mpaka abiria wa mwisho ashuke.

Mwanao


15 Aprili

Mwanangu,

Sijambo, na nyumbani hawajambo. Nimemwambia kaka yako yote, kwa mdomo wangu, mbele ya mkewe. Sikusikia walichosema. Baadaye ameandika kwenye kijitabu, nitakubebea begi mpaka kwenye basi.

Barua hii nampa dereva yule yule, na nitakaa kiti cha nyuma yake, kwa hiyo tutafika pamoja. Utaniuliza ya nini basi kuandika. Ninajijua. Mara tatu nimefika kwenye neno lenyewe nikageuka. Safari inachukua saa tisa, na mtu mwoga anaweza kubadili mawazo kwenye kila kituo. Nimemwambia dereva, nikishuka kwenu stendi, abaki nayo. Nisiposhuka hapo, akupe wewe mkononi, nawe usiniogope wala usinionee huruma, wasomee wachunguzi hapa chini.

Mstari mwekundu kwenye Jiwe la Ng'ombe niliupandisha mimi shubiri moja na nusu, kwa hiari yangu, ili wageni wasigeuzwe. Kamba hakukosea. Mwongozaji hakukosea. Mpiga picha aliniamini mimi.

Koti langu la kazi la zamani nimelivaa. Linanipwaya, lakini utanitambua.

Aliyepaka mstari,
Baba yako